Ndara za Mzee wa Bukchon

Irving, Texas
12 Novemba 2024

Dada yangu Hasina,

Assalaam alaykum. Natumai karatasi hii itakukuta u mzima na joto la Houston limeanza kupungua. Sisi huku hatujambo. Goti la mama Tasnim limepata nafuu kiasi cha kumwezesha kugombana nami akiwa amesimama. Mimi bado naendesha lile basi dogo la kupeleka abiria uwanja wa ndege. Juzi nilimbeba bwana mmoja aliyesafiri na kasuku ndani ya koti, na yule kasuku alikuwa na adabu kuliko abiria wengine wote.

Nakuandikia barua, jambo ambalo sijalifanya tangu tulipokuwa Mombasa, kwa sababu simu yako haipatikani. Ulitoka kwenye grupu la familia siku ile ile uliyotua kutoka Korea. Binamu yetu Swafwani alidhani umekosea kubonyeza, akakurudisha. Ukatoka. Akakurudisha tena, ukatoka tena, na baada ya hapo simu ikazimika kabisa. Anasema kutoka kwake Katy mpaka kwako Sharpstown ni foleni ya saa nzima, la sivyo angekuja kuuliza mwenyewe.

Nilimpigia Tasnim kule Seoul. Kazi yake ya kufundisha watoto Kiingereza inaendelea vizuri, ila wamegundua kwamba hajui kuchora, na sasa kila siku wanamwomba awachoree farasi. Nikamuuliza zile siku kumi ulizokaa kwake zilikwendaje. Akacheka, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Baba, muulize shangazi mwenyewe." Mtoto wangu yule tangu lini akanyamaza?

Sasa jambo lenyewe. Nime-book tikiti, naondoka Aprili, peke yangu, kwa kuwa mama Tasnim hataki kukaa kwenye ndege saa kumi na tano na goti lake. Nataka uniambie nitazame nini. Hasa ule mtaa wa nyumba za zamani, Bukchon. Kabla hujaondoka ulisema ndio hasa unaokupeleka, maana vichochoro vyake kwenye picha vilikukumbusha Mji wa Kale kwetu. Je, vinafanana?

Ndugu yako,
Ahmada

*

Sharpstown, Houston
30 Novemba 2024

Kwa Ahmada ndugu yangu,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeipata, na mwandiko wako haujabadilika, bado unaandika kama mtu anayekimbizwa. Mimi mzima. Bibi ninayemtunza kule Bellaire ametimiza miaka tisini na mitatu, na bado kila asubuhi ananifundisha upya kukunja shuka. Mpe pole mama Tasnim, mwambie asipande ngazi.

Simu yangu ilianguka kwenye sufuria ya wali. Watu husema simu ikilowa itie kwenye mchele. Yangu ililowa ndani ya mchele wenyewe, kwa hivyo sijui dawa yake.

Korea ni nchi nzuri. Siku ya kwanza Tasnim alinipandisha mnara, nikauona mji wote, nikasikia kizunguzungu. Siku ya tatu tulikwenda sokoni nikanunua viatu. Siku ya nne tulikula supu inayochemka mezani. Treni zao zinafika kwa wakati mpaka mtu unaona haya kuchelewa. Choo cha Tasnim kina vibonyezo kumi na viwili, na kimoja kilinipigia muziki.

Nenda kokote utakako. Bukchon usiende. Hakuna la maana. Ni nyumba za watu.

Nimekutumia boksi kwa posta. Mpelekee Tasnim Aprili. Usilifungue, na usiniulize ndani mna nini.

Dada yako,
Hasina

*

Irving
19 Desemba 2024

Dada yangu,

Salamu nyingi, na za mama Tasnim pia. Baridi imeingia huku, asubuhi nakwangua barafu kwenye kioo cha basi kwa kadi ya maktaba.

Boksi limefika. Lilifika limelowa mvua, likaachia lenyewe mikononi mwa mama Tasnim, ambaye wakati huo, kwa bahati tu, alikuwa ameshika mkasi.

Dada, ndani mna ndara. Za mpira, za kahawia, zimeliwa kisigino cha kulia, na chini zina maandishi ya Kikorea. Mguu wangu nakuhakikishia ni mkubwa, na umeogelea ndani yake. Hizi ni ndara za mwanamume.

Mama Tasnim aliziweka juu ya meza tukazitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniambia niisome tena barua yako. Nikaisoma. Siku ya kwanza ulipanda mnara, siku ya tatu ulikwenda sokoni. Siku ya pili imekwenda wapi?

Mimi si mtu wa kuchunguza. Marehemu shemeji alifariki miaka saba iliyopita, Mungu amrehemu, na wewe bado una nguvu zako. Hakuna anayekulaumu. Ninachosema ni kwamba mimi ndiye nduguyo wa kiume, na kama kuna mtu, kuna taratibu. Je, ana kazi? Watoto wake wakubwa? Dini tunaweza kuizungumza.

Hizo ndara zimekujaje kwako, ukazibeba mpaka Texas? Hilo ndilo linalotutatiza. Mtu huacha ndara zake pale alipojiona yuko nyumbani.

Nduguyo anayekutakia heri,
Ahmada

*

Irving
2 Februari 2025

Dada Hasina,

Assalaam alaykum. Hii ni wiki ya saba sijapata jibu. Sisi wazima.

Naona umekasirika. Nimefikiri sana ndani ya basi, kwenye mzunguko ule wa kutoka maegesho mpaka mlango wa abiria, na nimeona kosa langu. Nilikuuliza mambo ya kazi na watoto kabla ya kuuliza jina lake. Niwie radhi. Anaitwa nani?

Nilimwomba Swafwani apite kwako akujulie hali. Anasema alikuja Jumamosi, ukamfungulia, ukampa chai na mahamri, mkazungumza vizuri kabisa. Alipouliza tu habari za "shemeji mtarajiwa", ukamwambia anyanyuke. Ati hata hamri alilokuwa ameliuma ulilichukua.

Pengine sikupaswa kumwambia Swafwani. Pengine Swafwani naye hakupaswa kuandika kwenye grupu. Sasa shangazi zetu kule Mombasa wanauliza mahari ya Kikorea hutolewaje, na mmoja ameshapendekeza rangi ya sare.

Nijibu, tafadhali. Hata kunitukana ni jibu.

Ahmada

*

Sharpstown
9 Februari 2025

Ahmada,

Waalaykum salaam. Mimi mzima, bibi yangu mzima, mlangoni petu wamepaka rangi mbaya. Hizo ndizo habari za nyumbani, sasa kaa kitako usome.

Hakuna mchumba. Mwambie Swafwani, mwambie mama Tasnim, waambie Mombasa, na huyo mwenye sare mwambie arudishe kitambaa dukani. Yule mwenye ndara ana mke. Mke nimemwona kwa macho yangu, akiwa na mswaki mdomoni. Na simu yangu haikuanguka popote. Niliizima.

Siku ya pili niliamka alfajiri, maana mwili wangu ulikuwa bado uko Texas. Tasnim alikuwa na kipindi. Akaniambia, "Shangazi, nisubiri saa nne, twende Bukchon pamoja. Kule watu wanaishi, kuna utaratibu wake." Nikamwambia sawa. Alipotoka, nikatoka.

Nilifika saa mbili na nusu asubuhi. Ahmada, nilitaka kulia. Vichochoro vimebanana vinapanda kilima, kuta pande mbili, mapaa ya vigae yamegusana kama watu wanaonong'ona, milango ya mbao ina pete za chuma kubwa. Si Mombasa, lakini miguu yangu ilijua kutembea pale. Kila baada ya hatua chache kulikuwa na kibao chenye sura ya mtu ameweka kidole mdomoni. Nikadhani ni tangazo la dawa ya meno.

Lango moja lilikuwa wazi. Nikachungulia ua, safi, umefagiliwa, na mitungi ya udongo imepangwa pembeni. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga hodi ya pili kwa sauti zaidi, nikasikia mtu amekohoa. Sasa niambie, kwetu ukipiga hodi mtu akakohoa, maana yake nini? Hodi ya tatu niliipigia ndani.

Viatu nilivua. Hilo ulishike. Niliviweka vizuri kwenye jiwe chini ya baraza ya mbao, sambamba na ndara zilizokuwapo. Na pale barazani alikaa mzee wa miaka themanini hivi, kavaa fulana na suruali iliyokunjwa mpaka magotini, katandika gazeti, anakata kucha za miguu.

Nilijua ni makumbusho. Nilijua kabisa, Ahmada, kwamba serikali imemweka yule mzee pale aonyeshe maisha ya zamani, na nikastaajabu jinsi alivyoifahamu kazi yake. Ukucha mmoja uliruka ukanigusa gauni. Nikampiga picha.

Akasema kwa Kiingereza, polepole, "Nyumba."

Nikamwambia, "Nzuri sana."

"Nyumba yangu."

"Hongera," nikamwambia, nikapiga ya pili.

Ndipo mlango wa karatasi ukafunguka, akatoka bibi na taulo kichwani, mswaki mdomoni, povu limemfika kidevuni. Hapo nikaelewa. Makumbusho hayaendi mbali kiasi hicho.

Hawakunifokea. Bora wangenifokea. Yule mzee alishusha suruali yake iliyokunjwa, mguu mmoja, kisha wa pili, taratibu, ajisitiri. Nikakumbuka yule Mjerumani. Wewe ulikuwa na miaka sita. Aliingia na kamera mpaka ukumbini kwetu baba amelala na kikoi, akampiga picha, na baba alipozinduka alifanya vile vile: alivuta kikoi, taratibu, bila kusema neno. Mama alimfuata yule mtu na ndoo ya maji ya samaki mpaka kona ya msikiti. Ndoo niliijaza mimi. Miaka hamsini nimesimulia hadithi ile kwenye harusi, watu wanacheka, na siku ile nikajikuta mimi ndiye mwenye kamera.

Nilikimbia. Nilipofika barabara kubwa nikasikia miguu yangu inapiga kelele, pap, pap, pap. Viatu vyangu vyeusi vya kazini vimebaki kwa watu, na mimi nimeondoka na ndara za mzee wa watu.

Tasnim alitaka tuzirudishe siku ile ile. Nilikataa, nikamwapisha asiseme, nikazificha chini ya sanduku. Picha nilizifuta kwenye treni. Simu nikaizima kwa sababu kila aliyenipigia aliuliza, "Picha za Korea ziko wapi?" Nilidhani ndara nitazitupa Houston, ambako hakuna anayemjua mwenyewe. Nimekwenda nazo mpaka kwenye pipa mara nne. Mara zote nimerudi nazo.

Zirudishe, ndugu yangu. Tasnim anaijua nyumba, nilimwonyesha kwa mbali. Nenda baada ya saa nne asubuhi na utoke kabla ya saa kumi na moja jioni, siku hizi wana saa zao na nasikia wanapiga faini. Nong'ona. Kamera acha nyumbani. Usichungulie lango la mtu hata likiwa wazi, na ukifunguliwa simama nje, toa kitu kwa mikono miwili, omba radhi, ondoka. Wakikukaribisha ndani, kataa. Wewe ni mtoto wa mama yangu na nakujua, utaomba hata chai.

Hasina

*

Irving
3 Machi 2025

Dada yangu mpenzi,

Ramadhani karimu. Funga ya tatu leo, na abiria mmoja amekula biriani nyuma yangu kutoka uwanjani mpaka Las Colinas. Namsamehe, lakini sura yake nimeishika.

Barua yako niliisoma peke yangu gereji. Kisha nikamsomea mama Tasnim, naye aliposikia habari ya mzee kushusha suruali aliweka mkono mdomoni, akasema, "Maskini Hasina." Hakusema maskini mzee. Mashangazi nimewaambia hakuna harusi. Mmoja amekasirika.

Habari ya Mjerumani sikuikumbuka hivyo. Nilikumbuka ndoo tu. Baba nilikuwa nimemsahau.

Nimeanza kujiandaa. Jumamosi nilikwenda Carrollton, kwenye supamaketi ya Wakorea, kuna mama mmoja muuza samaki ambaye huniwekea kichwa cha samaki vizuri. Nikamweleza nina safari, nataka anifundishe kumkabidhi mzee kitu kwa heshima. Akafurahi. Akanionyesha kuinama, si sana wala si kidogo, macho chini, mikono miwili. Nikasema ngoja nijaribu. Nikatoa boksi kwenye gari, nikamwinamia, nikamkabidhi. Akalipokea kwa mikono miwili, akalifungua, akakuta ndara zilizotumika.

Ilinichukua dakika kumi kumwelewesha kwamba si zawadi yake. Watu wanne walisimama kusikiliza. Mwishowe akasema, "Usiende mkono mtupu na ndara peke yake. Chukua matunda. Na zioshe."

Nimeziosha. Kunong'ona najizoeza nyumbani. Mama Tasnim anasema hajawahi kuishi kwa raha hivi.

Nduguyo,
Ahmada

*

Seoul
17 Aprili 2025

Dada Hasina,

Assalaam alaykum kutoka mezani kwa Tasnim. Yeye mzima, amenenepa kidogo, ameshajifunza kuchora farasi, ingawa mimi niliona mbuzi. Choo kimenipigia muziki mimi pia.

Jana tulikwenda. Nakueleza kila kitu bila kuruka.

Tulifika chini ya kilima saa tatu na dakika ishirini, kwa woga wangu. Nikakataa kupanda kabla ya wakati. Tukasimama barabarani kwenye baridi, mimi na suti ya harusi ya Swafwani, soksi mpya, boksi kwapani na mfuko wa mapeasi makubwa kama vichwa vya watoto. Saa nne kamili tukaanza kupanda. Nilinong'ona mpaka Tasnim akasema, "Baba, hata mimi sikusikii." Watalii wengine walikuwepo, na akina mama waliovaa vizibao vya manjano wanapita na vibao vya kuomba utulivu. Mmoja alinitazama nilivyokuwa nikitembea kwa ncha za vidole, akamuuliza Tasnim kama baba yake ana maumivu.

Lango lilikuwa limefungwa. Lakini Dada, juu yake kulikuwa na karatasi iliyotiwa nailoni, imeandikwa kwa mkono, kwa Kikorea na kwa Kiingereza. Tasnim akaisoma, akashika ukuta. Nikadhani kaumwa. Nikaisoma mwenyewe ile ya Kiingereza. Imeandikwa: Hodi hakai hapa.

Tukabonyeza kengele. Akafungua yule bibi, bila mswaki, na nyuma yake mzee, kavaa sweta na suruali iliyofika chini vizuri. Nikainama kama nilivyofundishwa Carrollton. Nikatoa boksi kwa mikono miwili. Mzee akalifungua, akaziona ndara zake, akamtazama mkewe, kisha akamuuliza Tasnim swali moja, kwa uso wa huzuni kabisa.

"Anauliza," Tasnim akaniambia, "je, yule mama alimpata Hodi?"

Miezi sita, Dada. Anaitwa Mzee Bae. Aliniambia yote pale mlangoni, Tasnim anatafsiri. Alisikia mwanamke anamwita mtu mara tatu, kila mara kwa nguvu zaidi. Akaona ameingia, amevua viatu, ana haraka, anapiga picha nyumba kama mtu anayetafuta ushahidi, kisha amekimbia bila viatu vyake. Wakasema huyu ana shida kubwa, amepotelewa na mtu. Mzee alizunguka kwa majirani akiuliza nani anamjua Hodi. Alikwenda mpaka ofisi ya mtaa, wakatafuta. Walimpata mtu mmoja mwenye jina la kukaribia hivyo, fundi wa redio, lakini alishahamia kisiwani miaka ya tisini. Mkewe ndiye aliyeshauri waandike karatasi, ili ukirudi usipate taabu bure.

Tasnim alinitazama. Nilijua anachouliza. Tungeweza kuliacha hivyo hivyo, wakuone mtu mwenye msiba, mambo yakaisha kwa heshima. Nikamwambia, "Mwambie kweli. Mwambie dada yangu alidhani nyumba yao ni makumbusho na yeye ni sehemu yake. Mwambie kwetu pia watu walikuwa wakituingilia, kwa hivyo alijua uchungu wake, na ndiyo maana alikimbia. Mwambie hodi ni neno letu la kuomba ruhusa, na kosa lake ni kwamba hakungoja apewe. Anaomba radhi, na picha amezifuta."

Tasnim akasema yote. Lilimchukua muda neno "makumbusho". Mzee akasikiliza mpaka mwisho, hakucheka, hakununa. Kisha akasema maneno machache.

"Anasema wameingia wengi," Tasnim akatafsiri. "Anasema katika wote, shangazi ndiye wa kwanza kuvua viatu."

Akaingia ndani, akarudi na mfuko. Viatu vyako. Vimepigwa rangi, vimetiwa gazeti ndani visipoteze umbo. Akanipa kwa mikono miwili, nami nikampa mapeasi kwa mikono miwili, na kwa kitambo kidogo sote wawili tulikuwa tumeinama na hakuna aliyejua nani aanze kuinuka.

Hawakutukaribisha ndani, na sikuomba chai. Hilo ulishike. Nilimuuliza tu kwa adabu kama sasa ataibandua ile karatasi. Akasema hapana, hata kidogo. Tangu waibandike watalii hawachungulii tena. Wanaisoma, wanatazamana, wanaondoka kimya wakidhani nyumba ina matatizo na mtu. Mabango yote ya mtaa hayakufanya kazi kama hiyo. Jirani wa kushoto naye ameomba ya kwake.

Akafunga lango, polepole. Tukasimama kupanga mfuko. Na nyuma ya mbao tukasikia bibi anasema, "Hodi?" na mzee anasema, "Hodi," kisha wote wawili wakaanza kucheka, kile kicheko cha watu wazima wanaojaribu kukizuia na kinawatoka puani. Nami nikacheka, Dada. Nilicheka mpaka nikakaa chini na suti ya Swafwani. Yule mama wa kizibao cha manjano alikuja akanisimamia na kibao chake usoni, na kila nilipokisoma nilicheka zaidi. Tasnim alinitoa mtaani kwa kunivuta mkono. Mtu wa kwanza wa ukoo wetu kufukuzwa Bukchon kwa kelele ni mimi, si wewe.

Viatu nitakutumia kwa posta nikirudi.

Ahmada

*

Sharpstown
11 Mei 2025

Ahmada ndugu yangu,

Waalaykum salaam warahmatullah. Mimi mzima, joto limerudi na mafundi wa kiyoyozi hawajarudi. Bibi yangu amenikubalia mkunjo mmoja wa shuka, nadhani amechoka. Viatu nimevipokea kwa posta na nimevivaa kazini. Vinang'aa mpaka bibi akauliza kama nimeolewa.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nje. Nilipofika kwenye fundi wa redio nilianza kulia, na nilipofika kwenye karatasi ya lango nikawa sijui tena kama nalia au nacheka. Jirani yangu wa juu, Marie-Goretti, yule Mrundi anayefanya kazi hotelini, alikuwa anashuka na nguo za kufua. Akaweka kapu chini, akasema, "Umefiwa?" Nikamwambia hapana, nimerudishiwa viatu. Ikabidi nimweleze. Ilikuwa mara ya kwanza kuisema kwa mdomo wangu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba wiki yake ya kwanza Amerika, walipowapanga Gulfton, majengo yote sawa na milango yote sawa, alirudi kutoka dukani akaingia kwa watu. Alikuta sufuria si zake, akadhani shirika la wakimbizi limewaletea. Akapika maharage. Akadeki. Mwenyewe, mwanamume kutoka Honduras, alirudi kutoka kazini akamkuta, wakatazamana, hakuna anayejua lugha ya mwenzake. Yule bwana akavuta kiti, akala. "Alikula sahani mbili," Marie-Goretti akasema, "kisha akanisindikiza mlango kwa mlango mpaka tukapata kwetu." Tulikaa kwenye ngazi ile mpaka nguo zake zikasahaulika, wanawake wawili wazima, tunacheka na kupigana mabega.

Jumapili iliyopita binti yake Aurore alipata komunyo ya kwanza. Nikaalikwa. Warundi watupu, Wakongo kidogo, mimi na buibui langu katikati. Marie-Goretti akasimama, akagonga glasi kwa kijiko, akasema, "Jirani yangu ana habari ya Korea." Sikutaka. Nilisimama nikidhani nitaisema kwa maneno matatu nikae.

Niliisema mara tatu, Ahmada. Waliochelewa waliomba wasimuliwe, na Nathanaël, anayepiga kinanda kanisani kwao, aliomba arudiwe habari ya mswaki. Nilionyesha ukucha ulivyoruka. Nilikimbia kwa ndara mbele ya meza ya keki. Sijui nilikuwa naificha ya nini.

Nimefungua simu na nimerudi kwenye grupu, kama umeona. Mashangazi wanataka kuisikia kwa sauti, si kwa maandishi, kwa hivyo Idi hii nitakuja Irving kwa basi la asubuhi, nikae wiki nzima, na mama Tasnim aalike watu. Swafwani pia, hamri lake nitampa.

Ila kuna jambo moja nikuombe kabla sijafika. Ile mara ya tatu, kwenye komunyo, watu walikuwa wameshika vifua, na mimi nikaona mzee yule na kikata kucha chake hatoshi. Nimeongeza upanga. Si mkubwa, alikuwa nao tu pembeni, ukutani. Wewe umelisimamia lango lile na watu watakuuliza. Upanga ulikuwepo.

Dada yako,
Hasina